Sikio la Chalbi

Filemoni Mghanga alikuwa na sikio ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, lingeweza kumsikia samaki akibadilisha mawazo. Hayo aliyasema siku ya kwanza alipofika jangwa la Chalbi. Akayasema tena mbele ya wakubwa wa Baraza la Masafa walipokuja kumwapisha kuwa mwamuzi. Baada ya hapo, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa, akayafupisha na kuyaandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha kusikilizia, kwa herufi kubwa za mtu aliyewahi kuwa kiranja: HAPA HAPAPITI MLIO. Miaka minne ilikuwa imepita na chaki ilikuwa bado ipo, maana Chalbi hakunyeshi mvua ya kufuta hata aibu.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba moja ya mawe katikati ya uwanja wa chumvi, pamoja na madishi arobaini yaliyotazama juu kama watu waliosahau walichokuwa wakikitafuta. Filemoni alikuwa ameyapa madishi hayo majina ya wanafunzi wenzake wa kidato cha nne. Dishi la saba lilikuwa Mwakideu, kwa kuwa lilikuwa linainamia upande mmoja, vile vile kama Mwakideu alivyoinama kwenye mtihani wa hesabu kuisalimia karatasi ya jirani. La ishirini na mbili lilikuwa Wakesho. Wakesho hakuwa na kasoro yoyote, ndiyo maana alipanguswa vumbi mara mbili kwa wiki na wengine mara moja. Kila asubuhi Filemoni alisimama mlangoni akaita majina yote arobaini. Hakuna aliyeitika. Akawaandika wote wamehudhuria, akarudi ndani kunywa chai.

Kilomita mia moja kila upande ilikuwa marufuku kuwasha simu au redio. Madishi yale yalitengenezwa kusikia jaketi moja la kuelea likilia katikati ya bahari, mbali huko; simu moja ya mtalii aliyepotea ingeyapigia kelele kama debe kwenye msiba. Kwa hiyo barua zilikuja kwa lori la maji, kila Jumatatu ya pili. Mama yake aliandika nusu ukurasa kuhusu ng'ombe. Filemoni alijibu kurasa nane. Lori likaondoka, vumbi likatua, na wiki mbili zikaanza upya kana kwamba hazijawahi kuja.

Mtu aliyemwona kila siku alikuwa Qabale, mlinzi wa ukimya. Huyu alikuwa mama wa Kigabra wa miaka hamsini na kitu, aliyezunguka njia za karibu na kituo na ngamia wawili na kifaa cha kunusa mawimbi kiunoni, akiwanyang'anya wageni simu zao bila kupandisha sauti. Asubuhi alileta simu hizo kituoni zifungiwe kwenye sanduku la chuma, na jua likipanda alipumzika barazani hadi ngamia wapate kivuli cha kutosha cha kurudia njia. Wiki ya kwanza Filemoni alimjaribia utani wake wote. Qabale aliusikiliza, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke barabara. Kisha akauliza, "Ufunguo wa sanduku uko wapi?"

Tangu hapo, kila alipomwandikia mama yake, Filemoni alisema anaishi peke yake.

*

Siku hiyo, saa tano na dakika nane asubuhi, taa nyekundu iliwaka ukutani, na Filemoni akashtuka kwa furaha.

Furaha hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu taa nyekundu si kitu cha kufurahiwa na mtu mwenye akili zake. Ilimaanisha kwamba kampuni moja ya setilaiti inailalamikia nyingine kwa kuimwagia kelele kwenye masafa yake. Kampuni zilikuwa mbili, na zote mbili kazi yao ilikuwa moja: kuwasikia watu wanaozama. Dira ilikuwa kongwe, yenye setilaiti chache kubwa, ikihudumia meli. Kilindi ilikuja baadaye na setilaiti elfu tisa ndogo kama karai, ikihudumia majaketi ya bei nafuu yanayovaliwa na wakata mwani wa mashamba ya bahari kuu. Masafa ya hizo mbili yalipakana kama vyumba vya bweni. Ukikohoa huku, kule wanaamka.

Zamani kampuni hizo ziliiacha mitambo yao ijiamulie. Mtambo mmoja ulipohisi kelele ulimzima jirani, jirani naye akauzima, na alasiri moja nusu nzima ya bahari ikakaa dakika arobaini bila wa kuisikia. Majina ya walioita katika dakika hizo yamechongwa kwenye ukuta wa Baraza la Masafa, na mwamuzi mpya hupelekwa kuyasoma yote kabla ya kula kiapo. Ndipo sheria ikatungwa kwamba mashine haitazima tena mfereji wa dhiki, yaani masafa ya wanaoomba msaada. Lazima sikio la mtu lisikilize kwanza, sekunde tisini kamili, spika ikiwa wazi na waya zote za nje zimekatwa.

Na kwa nini tisini, si thelathini? Kwa sababu jaketi linatunza betri. Likiitwa na setilaiti hulia mara moja, halafu hulala sekunde sabini. Usikilizaji wa dakika moja unaweza kukuondoa pale ukiamini bahari ni tupu. Tena mlio wenyewe ukizama chini ya kelele, hakuna mtambo unaouona. Ni sikio la binadamu tu linaloweza kuuchomoa, jinsi mama anavyomsikia mwanawe analia katika soko zima. Filemoni aliyajua hayo yote kwa moyo. Aliyatahiniwa akapata A.

Furaha yake basi ilitokana na waya wa mafundi. Ulikuwa waya mwembamba mweusi ulioachwa na waliojenga kituo. Haukurekodiwa popote, na ulipata umeme pale tu malalamiko yanapofunguliwa, ukaupoteza yanapofungwa. Kilindi, kila wakishtakiwa, walituma mashine iwasemee. Dira walikuwa na Zuwena.

"Mheshimiwa Sikio," ilisema sauti kutoka Tanga. "Umeamka, au nikupigie tarumbeta?"

"Dada Zuwena, mimi nililala lini? Nimekaa hapa nawasikia mbu wa Tanga wakikutafuna."

"Muongo mkubwa weye. Mbu wa Tanga wana adabu, wanabisha hodi. Haya, kesi yako hii hapa. Mraba wa kumi na tisa, mashariki ya Pemba. Kilindi wanatumwagia uchafu tangu saa tano kasoro dakika tano. Wakubwa wanaomba Kimya, wazimwe dakika ishirini."

Filemoni alifungua spika ya ukutani, na kelele ya Kilindi ikajaa chumba, ikatoka hadi barazani: mchanga ukimiminwa kwenye sufuria. Sekunde nne zilimtosha. Kelele hiyo alishaisikia mara mia mbili. Aliijua kama mtu anavyozijua hatua za mjomba wake mlevi. Akabonyeza saa ya sekunde tisini ianze kuhesabu. Hapo ndipo alipopaswa kuukata waya wa mafundi. Badala yake alikipachika kipokea sauti sikioni, sikio lile lile la kuwasikia samaki.

"Sasa," alisema, "harusi ya shangazi iliishaje?"

"Usiniulize! Droni ya biriani si ikapotea mtaa? Imekwenda kushusha masufuria matatu kwenye matanga ya watu."

"Acha!"

"Wallahi. Watu wamekaa mkekani wanalia, mara masufuria yanatua mbele yao, moto, na maua juu. Kimya. Kila mtu anamwangalia mwenzake. Halafu mzee mmoja akatazama mbinguni, akasema, 'Marehemu alikuwa mtu wa watu.' Wakala!"

"Na harusini?"

"Harusini tumeletewa uji wao. Bibi harusi na vito vyake vyote, ameshika kikombe cha uji."

Filemoni alicheka. Alicheka kama mtu ambaye hajacheka siku kumi na tatu, kichwa nyuma, mkono tumboni, machozi yakimtoka, na kila alipotaka kuacha alimwona yule bibi harusi na kikombe akaanza upya. Spika iliendelea kumimina mchanga wake. Sekunde ya sitini ikapita, na ya sabini, na ya themanini.

Saa ikalia. Akafuta macho, akasafisha koo, akafungua waya rasmi na kutoa sauti yake ya kiapo.

"Nimesikiliza sekunde tisini. Sikusikia mlio wa dhiki. Natoa Amri ya Kimya kwa Kilindi, mraba wa kumi na tisa, dakika ishirini, kuanzia sasa, saa tano na dakika kumi. Mimi, Filemoni Mghanga."

"Tumepokea," ilisema mashine ya Kilindi. "Tunaheshimu uamuzi."

Mwaka huo Dira ilikuwa imeshinda kesi sitini na moja, na Kilindi tatu. Ungemuuliza Filemoni sababu, angekuambia ni sheria ya aliyetangulia: mgeni ndiye anayenyamaza. Na sheria hiyo ipo kweli. Asingekuambia kwamba mashine ya Kilindi haijawahi hata siku moja kumuuliza amekula nini.

*

Saa tano na dakika kumi na nne Zuwena alikatiza hadithi katikati.

"Ngoja, Fili." Sauti yake ilikuwa imevuliwa mchezo wote. "Nina meli inafuka moshi. Usikate."

Hakukata. Alisikia viti vikiburuzwa huko Tanga, mtu akipiga kelele namba, kisha mlango, kisha mvumo mtupu wa waya. Filemoni alikaa. Nje, madishi yalitazama juu. Kulikuwa na upepo ule wa Chalbi ambao hauna pa kwenda, unaozunguka nyumba ukitafuta dirisha la kusemea. Katika hali hiyo mtu hutaka sauti yoyote, hata ya kelele. Akairudisha rekodi ya sekunde tisini zake na kuicheza taratibu, bila nia, huku akichovya mkate kwenye chai.

Mchanga kwenye sufuria. Mchanga. Mchanga.

Na katika sekunde ya sitini na nne, chini ya mchanga: tri, tri, triii.

Mkate ulikatika ukaingia kikombeni. Alirudisha. Akasikiliza tena, akiwa amefumba macho. Tri, tri, triii. Haukuwa hata mlio wa kutafuta kwa taabu. Ulikuwa pale, mdogo, safi, na mkaidi, kama kifaranga ndani ya gunia. Alipoutenga na kelele, namba ya jaketi ikajitokeza, 7714, pamoja na nukta moja kwenye ramani, mashariki ya Pemba, mahali ambapo mkondo hukimbia kuelekea kaskazini kwa kasi ya mtu anayewahi kazini.

Hapo hata mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Jaketi hulia likiitwa. Setilaiti za Kilindi zilikuwa zimenyamazishwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiliita. Lilikuwa limelala juu ya maji likisubiri jina lake, na aliyelivaa pengine alikuwa akikitazama kitaa chake kifuani, akijiuliza kwa nini kimezimika.

Aliushika waya wa mafundi. "Zuwena. Zuwena!"

"Sema haraka."

"Nikiwafungulia Kilindi sasa hivi, wewe utakuwa na hali gani?"

"Usifungue!" Ilikuwa karibu kilio. "Nina watu thelathini na mmoja wanashuka kwa ngazi ya kamba, injini inaungua chini yao, na nahodha namsikia nusu nusu tu. Ukinimwagia mchanga wako sitajua boti ipi imejaa. Nipe mpaka saa tano na nusu. Kwani kuna nini?"

Filemoni alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga: kuna jaketi, lililia sekunde ya sitini na nne, mimi nilikuwa nacheka uji.

"Hakuna kitu," alisema. "Nauliza tu."

"Basi kaa kimya, kaka yangu. Nakuomba."

Akakaa kimya. Thelathini na mmoja kwa mmoja. Ilikuwa hesabu nyepesi, hata Mwakideu angeipata bila kuinama. Alijirudia hesabu hiyo mara nyingi, kwa sauti, akitembea kutoka kwenye meza hadi dirishani, na kila aliporudia ilikuwa sahihi. Mtu mmoja hawezi kuwapita thelathini na mmoja. Baraza lenyewe lingeafiki. Mwamuzi mwenye busara angesubiri.

Shida ni kwamba kulikuwa na njia ya tatu, na Filemoni aliiona tangu mwanzo, jinsi unavyomwona mtu unayemkwepa sokoni. Hakuhitaji kufungua mfereji wowote. Angeweza kuichukua ile nukta, akaituma kwa waya rasmi kwa chombo cha uokoaji kule Wete, dakika hiyo hiyo, na Zuwena asingesikia hata chembe ya mchanga. Nukta na saa yake: saa tano na dakika tisa. Ni hiyo saa tu iliyokuwa mbaya. Mlio uliolia saa tano na dakika tisa ulilia ndani ya sekunde tisini zake. Wangeuliza alikuwa akifanya nini, kisha wangeuliza na nani, halafu lori la maji lingekuja na fundi mwenye koleo, na waya mweusi ungeng'olewa ukutani.

Huenda wasingemfukuza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Wangemwacha pale pale, na madishi arobaini, na wiki mbili mbili.

Alirudi kwenye meza akaketi mbele ya ile nukta. Hakuituma. Alikaa dakika kumi na tatu akiitazama saa, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa makini kiasi hicho.

*

Saa tano na nusu kamili Kimya kiliisha. Setilaiti za Kilindi zilirudi kupiga kelele, zikaita kila jaketi kwenye mraba. Filemoni alikuwa amefungua spika hadi mwisho. Alisikiliza sekunde tisini. Akasikiliza tisini nyingine, na nyingine, bila kupepesa. Sikio lake lilikuwa zuri kweli, na halikusikia kitu.

Ndipo akafanya alilofanya. Mlio unapotolewa kwenye hifadhi ya rekodi, ambayo haitoki kituoni, mwamuzi ndiye anayeutamkia saa. Sheria ilimwamini kiasi hicho. Akabonyeza waya rasmi.

"Nimesikia mlio wa dhiki. Jaketi la Kilindi namba 7714. Mahali natuma sasa." "Saa tano na nusu."

"Tumepokea," ilisema mashine. "Jaketi 7714 limesajiliwa kwa jina la Mize Kombo, mkata mwani, miaka thelathini na minne. Chombo cha uokoaji kimearifiwa. Asante kwa usikivu wako."

Filemoni hakuwa ameomba jina.

"Fili!" Zuwena alirudi kwenye waya wa mafundi huku akilia na kucheka pamoja. "Wote! Thelathini na mmoja wote, na paka wa mpishi! Umetupa dakika zako ishirini, Mungu akupe zaidi. Wakubwa wanafunga malalamiko sasa hivi. Nikikupata tena nitakumalizia ya yule mzee wa..."

Waya ulikufa. Haukukatika kwa kishindo. Sauti ilikuwepo, halafu ikawa haipo. Filemoni alibaki na kipokea sauti sikioni kwa muda mrefu, akisikiliza plastiki.

Kisha akafanya mambo madogo madogo. Akaosha kikombe. Akafagia chumba kilichokuwa safi. Akatoka nyuma ya nyumba akamwangalia Wakesho kwa mbali, sahani nyeupe juu ya chumvi nyeupe, nyuma yake ziwa la uongo linaloletwa na jua. Alijaribu kumkumbuka Wakesho mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa na uso gani, akagundua kwamba kwa muda sasa amekuwa akikumbuka dishi. Akajiambia mkondo hauna haraka. Akajiambia chombo cha Wete kina taa kali na macho mengi. Akajiambia Mize Kombo ni jina la mtu anayejua kuogelea, kana kwamba majina huogelea.

*

Saa nane na robo mchana waya rasmi uliita. Alikuwa Bi Namunyak, msajili wa Baraza la Masafa, mwanamke aliyezungumza kama anasoma orodha ya vifaa, na aliyemwapisha Filemoni kwa mkono wake miaka minne iliyopita.

"Mwamuzi Mghanga. Mazungumzo haya yanarekodiwa. Chombo cha Wete kimefika kwenye nukta uliyotuma, kikapima mkondo kuanzia saa tano na nusu, kikatafuta pale ambapo jaketi linapaswa kuwa. Hakuna kitu. Wamelizunguka eneo mara mbili."

"Nasikitika kusikia hivyo, Bi Msajili."

"Nahodha ananiuliza swali moja, nami nakuuliza wewe. Saa ni ile ile? Kwa sababu mkondo wa pale unaburuta mtu zaidi ya kilomita mbili kwa dakika ishirini. Wimbi limeanza kunyanyuka, kichwa cha mtu hakionekani hata kwa mita mia tatu. Ana nafasi ya kutafuta sehemu moja zaidi kabla bahari haijamrudisha bandarini. Moja tu. Ukisema saa tano na nusu, anarudia pale pale. Ikiwa ni kabla ya hapo, anakwenda kaskazini."

Filemoni alitazama kidole chake kwenye meza. Kilikuwa kimetulia kabisa, kidole cha mtu mwingine.

"Niambie basi," alisema Bi Namunyak. "Katika zile sekunde tisini kabla ya Kimya, ulisikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Zote?"

"Zote, Bi Msajili. Mimi mlio haunipiti, wewe mwenyewe unanijua." Alijaribu kutia kicheko kidogo mwishoni, kikatoka kama kikohozi. "Pale palikuwa na kelele tupu. Mlio ulikuja saa tano na nusu, nilipofungua."

"Sawa." Kalamu ilikwaruza. "Kwa ajili ya kumbukumbu. Kulikuwa na mtu mwingine hapo kituoni wakati wa kusikiliza?"

"Hapana. Hapa niko peke yangu."

Mlango wa baraza ulikuwa wazi, kama kila mchana, ili upepo upite. Kivuli kilikuwa kimesimama kizingitini, na Filemoni hakuweza kusema kilikuwa pale tangu lini. Qabale alikuwa na fimbo ya ngamia mkononi. Alikuwa anaondoka, ngamia walishasimama nyuma yake wakitafuna hewa.

"Mimi nilikuwepo," Qabale alisema.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Namunyak.

Qabale alingoja kidogo ampe Filemoni nafasi ya kujibu, kisha akasogea hatua moja ndani, akainamia kile chombo kwenye meza kama mtu asiyekiamini sana.

"Mlinzi wa ukimya. Qabale Galgalo. Tangu saa nne niko hapa barazani." Alifikiri. "Huo mlio mnaoutafuta, ni ule wa mara tatu? Mbili fupi, ya tatu ndefu?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwelezea mlio.

"Ndiyo," alisema Bi Namunyak, na sauti yake haikuwa tena ya kusoma orodha. "Mama, uliusikia lini? Fikiri vizuri."

"Sina cha kufikiri. Spika yake ni kubwa, barazani mtu anasikia kila kitu. Mlio ulikuja mara moja. Baada yake, muda wa kufunga kamba ya ngamia, yeye akataja jina lake kwa nguvu, lile jina anatajaga wakati wa kuzima watu."

Upande wa pili kiti kilisukumwa nyuma. Bi Namunyak alikuwa amegeuka, akimpigia mtu kelele: kaskazini, mwambie nahodha kaskazini, kuanzia saa tano na dakika tisa, sasa hivi. Kisha akarudi, akihema.

"Mama Qabale. Kwa nini hukumwambia?"

"Kazi ni yake. Mimi nani wa kumwambia Sikio kuna mlio?" Qabale alimtazama Filemoni. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Alimtazama kama alivyosikiliza utani wake wote wa wiki ya kwanza, hadi mwisho, bila kukatiza. "Nilichungulia mlangoni nione kama ameusikia," alisema. "Alikuwa anacheka."